Waja leo, warudi leo: kuoanisha vifaa kwa triga unapopima transista za nguvu kwa mipigo

Msemo wa Tanga unajulikana pwani nzima: waja leo, warudi leo. Wengine huusema kwa utani. Mimi nimeubandika ukutani kwenye karakana yangu ya Ngamiani, juu ya meza ya kupimia, kwa sababu ndivyo mkondo unavyotakiwa kufanya ndani ya transista unapoipima. Uje, uonekane, uondoke kabla chipu haijapata habari kwamba kuna moto.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa inveta, mashine za kuchomelea na kontrola za pikipiki za umeme, hasa waliochoka kununua mosfeti (transista za nguvu zinazowashwa kwa volti) zenye maandishi mazuri mgongoni na tumbo la uongo. Mosfeti ina miguu mitatu: geti la kuiwasha, na dreni na sosi ambamo mkondo unapita. Kinachoumbua feki ni ukinzani kati ya dreni na sosi mosfeti ikiwa imewashwa kikamilifu. Mtu anaweza kufuta namba na kuandika nyingine, lakini chipu ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa itatoa ukinzani mkubwa tu. Kazi ni kuusoma ukinzani huo bila kuichoma transista, na bila kudanganywa na vifaa vyako mwenyewe.

Kwa nini mkondo usikae

Chukua IRFZ44N, ambayo karibu kila fundi wa elektroniki ana kopo lake. Kiwanda kinaahidi ukinzani usiozidi miliomu 17.5, geti likiwa na volti 10, mkondo ukiwa ampea 25, chipu ikiwa nyuzi 25 za Selsiasi. Piga hesabu: 25 mara 25 mara 0.0175 ni karibu wati 11. Ganda lake, TO-220, likiwa halina bati la kupozea hupanda nyuzi 62 kwa kila wati. Hesabu inakupeleka zaidi ya nyuzi 600. Transista haifiki huko, inakufa njiani.

Ukiifunga kwenye bati haifi, ila chipu bado inapata moto, na ukinzani wa mosfeti hupanda pamoja na joto. Ikifika nyuzi 150 ukinzani hukaribia mara mbili ya ule wa nyuzi 25. Unachosoma hapo ni transista iliyokwisha kaangwa. Ndiyo maana chini ya jedwali la kiwanda kuna maandishi madogo ambayo wengi tunayaruka: mpigo usizidi mikrosekunde 400, na muda wa kuwaka usizidi asilimia 2 ya muda wote.

Sasa tatizo linahama. Umeme wetu ni wa hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na mita ya mezani ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida hukusanya volti kwa mzunguko mzima au zaidi ndipo itoe namba. Mpigo wa mikrosekunde 300 unaingia zaidi ya mara 60 ndani ya muda huo. Mita hiyo itakusanya mpigo kidogo na utupu mwingi, ikuletee wastani usio na maana yoyote. Lazima umwambie kila mmoja mezani afanye kazi yake wakati gani hasa. Amri hiyo ya wakati ndiyo triga.

Ukitaka kuiona kwa macho nenda ufuo wa Sahare, hapa Tanga, asubuhi wavuvi wanapovuta juya. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia na kuvuta kwenye pigo moja. Hakuna anayevuta kwa hisia zake. Siku waimbaji wakiwa wawili, wavu unapinda na samaki wanatoka.

Kosa lililonigharimu kopo zima

Nikueleze kwanza nilivyopotea, maana hatua zote zinazofuata zilitokana na hapo. Nilikuwa na jenereta ya mawimbi (si ile ya mafuta ya kuwasha umeme ukikatika, ni ile ya mezani ya kutengeneza mawimbi), chanzo cha mkondo wa mipigo nilichokinunua kikiwa kimetumika, na mita mbili za mezani. Moja ilisoma volti za dreni, nyingine ilisoma mkondo kupitia shanti, yaani rezista ndogo ya kupimia mkondo. Vyote niliviunganisha na kompyuta kwa USB, nikaandika programu fupi: washa mpigo, soma volti, soma mkondo, gawanya.

Kijana ninayemfundisha kazi akakaa kupima mosfeti 40 tulizoletewa kutoka Dar es Salaam. Baada ya saa moja akaniita.

“Ami, zote feki.”

“Zote arobaini?”

“Zote. Hii miliomu 31, hii 28, hii 35. Hakuna iliyofika kumi na saba.”

Nikaamini. Tukazitupa kwenye kopo la takataka, nikampigia muuzaji maneno ambayo baadaye ilibidi niyarudishe. Jioni nikachomeka oskiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, kutafuta kitu kingine kabisa, nikaona aibu yangu kwenye skrini. Mita ya volti ilikuwa ikisoma katikati ya mpigo, sawasawa. Mita ya mkondo ilikuwa ikichelewa, dirisha lake, yaani muda wake wa kukusanya, likianguka nusu ndani ya mpigo na nusu nje. Mkondo wa ampea 25 ukasomeka kama 13. Volti 0.4 ukigawanya kwa 25 unapata miliomu 16, transista nzima kabisa. Ukigawanya kwa 13 unapata karibu 31.

Kompyuta haikuwa na hitilafu. Amri inayopita kwenye USB hupanga foleni pamoja na kipanya, skrini na kila kitu kingine, ikafika baada ya milisekunde moja leo, milisekunde tano kesho. Kwa kazi ya mikrosekunde 300 hiyo ni karne. Kompyuta ipange, ihifadhi, ichore grafu. Wakati wenyewe usimpe yeye. Wakati upitie kwenye waya wake.

Hatua ya 1: Chora ratiba kwenye karatasi

Kabla ya kugusa kebo, chora mstari wa muda. Wangu uko hivi, kwa mikrosekunde. Kwenye 0 geti linafunguka. Kwenye 20 mkondo unaanza. Kwenye 250 mita zote mbili zinafungua dirisha, kwenye 300 zinalifunga. Kwenye 320 mkondo unazima. Kwenye 340 geti linafungwa. Kisha kimya mpaka sekunde moja itimie, ndipo mpigo mwingine uje.

Angalia mpangilio: mkondo umekaa ndani ya geti, kama mtoto ndani ya mbeleko. Chanzo cha mkondo kina kiburi. Ukikifungia njia kikiwa kinasukuma, kitapandisha volti mpaka kikomo chake ili kipenye. Geti likifungwa kabla mkondo haujazima, transista inapigwa na volti hizo zote. Kwa sababu hiyo pia weka kikomo cha volti cha chanzo chini, mimi naweka volti 5. Kwa kipimo hiki dreni haihitaji hata volti moja. Zinazobaki ni za nyaya. Triga ya geti ikipotea siku moja, chanzo kitagonga volti 5 na kusimama hapo, na hakuna kitakachoungua.

Ukiwa unatumia chanzo cha volti badala ya mkondo, geuza: geti liingie ndani ya mpigo wa dreni.

Mikrosekunde 300 kwa kila sekunde ni asilimia 0.03, mbali sana na ile 2 ya kiwanda. Ungeweza kupiga kila milisekunde 15 na bado ukawa ndani ya sheria, lakini una haraka ya nini? Mita nazo zinahitaji muda wa kupeleka namba kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Kinara awe mmoja

Kwangu kinara ni jenereta ya mawimbi yenye njia mbili. Njia ya kwanza inaendesha geti kupitia drava, saketi inayolisukuma geti. Njia ya pili, iliyocheleweshwa mikrosekunde 20, inaingia kwenye tundu la triga la chanzo cha mkondo. Tundu la jenereta la kutoa triga, lililo nyuma, linagawanywa kwenda mita ya volti, mita ya mkondo na oskiloskopu. Mita zinajihesabia zenyewe ucheleweshaji wa mikrosekunde 250.

Wenye vifaa vinavyotoa umeme na kuupima kwa pamoja, vile vinavyoitwa SMU, wana njia fupi. Kile cha geti kifanye kinara, kitoe ishara kinapomaliza kuwasha, na ishara hiyo iwe ndiyo triga ya kile cha dreni. Mantiki haibadiliki. Kosa ninaloliona kwa wenye vifaa hivi ni kuwapa vyote viwili ruhusa ya kujianzisha. Wavuta juya wenye waimbaji wawili.

Kama huna chanzo cha mkondo wa mipigo usikate tamaa. Benki ya kapasita za jumla ya mikrofaradi 47,000 iliyochajiwa volti 12, ikipitia rezista nene ya omu 0.47, itakupa karibu ampea 25 pale mosfeti inapofunguka. Kwa mikrosekunde 300 benki itashuka volti 0.16 tu. Hapo mosfeti yenyewe ndiyo swichi, kwa hiyo triga za kupanga zinapungua: geti, mita, oskiloskopu, basi. Mkondo utashuka kidogo mpigo ukiendelea, lakini ukiwa unaupima kwa wakati uleule na volti, haikusumbui. Tahadhari: benki hiyo ikigusana nyaya inayeyusha ncha ya bisibisi. Vaa miwani, na iondoe chaji kwa rezista kabla hujapeleka mkono.

Hatua ya 3: Kebo, viwango na zile plagi za T

Hapa ndipo siku nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza soma kitabu cha kila kifaa ujue triga yake inataka nini. Tundu nyingi hufuata viwango vya kidijitali viitwavyo TTL: chini ya volti 0.8 ni sifuri, juu ya volti 2 ni moja. Jenereta ya mawimbi kwa kawaida ina ukinzani wa ndani wa omu 50, na volti inazokuonyesha kwenye skrini zinategemea umeiambia mzigo ni upi. Ukiiambia mzigo ni omu 50 na ukaomba volti 5, halafu ukachomeka kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, itatoa volti 10. Tundu la triga la volti 5 halisemi chochote. Linakufa kimya, na wewe unatafuta kosa kwenye programu kwa siku tatu.

Kinyume chake pia kipo. Umegawanya triga kwa plagi ya T, na kila upande umeweka kizibo (rezista ya kumalizia kebo) cha omu 50 kwa sababu ulisikia ni vizuri. Vizibo viwili sambamba ni omu 25. Volti 5 zisizo na mzigo zinabaki 1.67 zikikutana na omu 25, chini ya zile 2 zinazohitajika. Matokeo yake ni triga inayoshika leo na kukataa kesho, kutegemea joto na bahati. Kizibo kiwe kimoja, mwisho wa mstari. Kwa kebo za mita moja au mbili na kazi ya kasi hii, hata kisipokuwepo mara nyingi mambo yanakwenda, mradi ukingo wa triga uonekane safi kwenye oskiloskopu.

Pili, mwelekeo. Vifaa vingi vina njia za kidijitali zinazokaa juu kwa volti 5 na kushuka chini pale triga inapotoka. Ukimwambia mpokeaji asikilize ukingo wa kupanda, atasikia mwisho wa ishara badala ya mwanzo. Ishara ikiwa na upana wa mikrosekunde 10 umechelewa 10, na hakuna mahali popote patakapokuambia kosa. Ndiyo aina ya kosa ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinafanya kazi.

Tatu, urefu wa kebo. Nimeona watu wakikata kebo za koaksia kwa rula ili zilingane. Ishara ndani ya kebo hiyo huchukua takriban nanosekunde 5 kwa mita. Mita mbili za kebo ni nanosekunde 10, na dirisha letu ni nanosekunde 50,000. Acha rula. Ukija siku moja kupima kasi ya IGBT, aina nyingine ya transista ya nguvu, kuwaka na kuzima kwa mipigo miwili, nanosekunde 10 zitakuwa na uzito, na hata tofauti kati ya probu ya volti na probu ya mkondo itabidi uisahihishe. Kwa ukinzani wa kuwaka, hapana.

Nne, chumvi. Hewa ya Tanga inakula shaba. Plagi za BNC, zile za mwisho wa kebo za koaksia, zilizokaa miezi sita bila kuguswa huota kijani kwenye pini ya katikati. Zifute kwa spiriti, zichomeke na kuzichomoa mara kadhaa kabla ya kazi. Nilishawahi kulaumu mita kwa kosa la kutu.

Hatua ya 4: Ethi

Ganda la kila plagi ya BNC kwenye oskiloskopu limeunganishwa na ethi ya ukutani, na maganda hayo yote yameungana ndani. Ukibana klipu moja ya probu kwenye sosi ya mosfeti na nyingine upande wa juu wa shanti, umeweka njia ya mkato na ampea zako zinapita kwenye waya mwembamba wa probu. Klipu zote zikutane sehemu moja, kwenye sosi, na shanti ipangwe ili upande wake mmoja uwe hapohapo. Kama haiwezekani, tumia probu ya tofauti, inayosoma kati ya nukta mbili bila kushika ethi.

Usikate pini ya ethi ya oskiloskopu. Najua mafundi wanaofanya hivyo na kujisifu. Sipendi hata kukaa meza moja nao.

Pale ambapo triga inatoka kwenye kifaa chenye ethi kwenda kwenye chanzo kinachoelea, weka optokapla, inayopitisha ishara kwa mwanga, katikati. Chagua ya kasi kama 6N137, ambayo huchelewesha chini ya mikrosekunde 0.1. PC817 ya bei rahisi iliyojaa kwenye pawasapulai mbovu itakuchelewesha mikrosekunde kadhaa, na ucheleweshaji wake hubadilika kufuata mzigo.

Hatua ya 5: Nyaya za kwenye transista

Nyaya nne, hili halina mjadala. Mbili nene za kupitisha ampea, mbili nyembamba za kusoma volti, na hizi nyembamba ziguse miguu ya transista karibu kabisa na ganda. Sentimita chache za waya nene zina miliomu zake, na sisi tunatafuta 17.

Nyaya nene zisokote pamoja. Mita moja ya nyaya zilizoachwa wazi ina takriban mikrohenri 1. Ampea 25 zikipanda ndani ya mikrosekunde 1 zinazaa volti 25 kwenye nyaya hizo, zaidi ya mara 50 ya volti unayotaka kusoma. Kama chanzo chako kinaruhusu, kiambie kipandishe mkondo polepole, kwa mikrosekunde 10. Huna haraka, dirisha lako liko mbali kule kwenye 250.

Kwenye geti weka rezista ya omu 10 hadi 47, karibu na mguu, isije mosfeti ikaanza kupiga mluzi yenyewe.

Hatua ya 6: Kufunga mdomo wa mita

Mita ya kisasa ina tabia ya kukusaidia bila kuombwa. Zima uchaguzi wa renji wa kujiendesha, la sivyo mita itapokea triga, ianze kutafuta renji inayofaa, na mpigo utakuwa umeshafika Muheza. Chagua renji mwenyewe: volti 1 kwa dreni, na kwa shanti ya miliomu 10, ambayo itatoa volti 0.25 kwa ampea 25, tumia renji hiyohiyo kama hakuna iliyo karibu zaidi. Zima pia marekebisho ya sifuri ya kujiendesha, kwa sababu huingiza usomaji wa ziada katikati.

Dirisha la kukusanyia weka mikrosekunde 50. Mita nyingi huomba namba hiyo kama sehemu ya mzunguko wa umeme wa gridi. Kwa hezi 50, mikrosekunde 50 ni 0.0025. Dirisha fupi hivyo halifuti mngurumo wa gridi, kwa hiyo fanya ujanja huu: ikiwa jenereta yako inaweza kuanzishwa na gridi yenyewe, iruhusu, ili kila mpigo uangukie mahali palepale kwenye wimbi la TANESCO. Mngurumo unabaki, lakini unakuwa uleule kila mara. Soma mara moja mkondo ukiwa umezimwa, uutoe.

Ukitumia oskiloskopu badala ya mita, kumbuka nyingi ni za biti 8, yaani ngazi 256 kwa skrini nzima. Kwenye benki ya kapasita, dreni inaanzia volti 12. Skrini ya volti 16 inakupa ngazi za milivolti 62, na unatafuta 400. Usahihi huo ni wa sokoni.

Hatua ya 7: Pima ucheleweshaji kwa mteremko

Kila kifaa kina uzito wake wa kuamka kati ya kupokea triga na kuanza kazi. Kitabu hutaja namba, lakini mimi huipima, na njia yake ni rahisi kiasi kwamba nilijuta kuchelewa kuifikiria.

Weka transista pembeni. Iambie jenereta itoe mteremko unaopanda kutoka volti 0 hadi volti 1 ndani ya milisekunde moja, ukianza sawia na triga. Chomeka mteremko huo kwenye mita. Sasa volti imekuwa saa: milivolti moja ni mikrosekunde moja. Mita yenye ucheleweshaji wa 250 na dirisha la 50 itatoa wastani wa kati ya 250 na 300, yaani milivolti 275.

Mita yangu ya volti ilisoma 276. Mita ya mkondo ilisoma 283. Mikrosekunde 8 za usingizi, na hiyo ni baada ya kuachana na USB. Nikapunguza ucheleweshaji wake hadi 242, ikasoma 275. Rudia mara 20 uangalie kuyumba. Ikiwa namba zinacheza kwa milivolti moja au mbili uko salama. Zikiruka kwa makumi, triga bado inapita kwenye programu mahali fulani, au kiwango cha volti kiko mpakani. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 8: Mpime usiyemtilia shaka

Kabla ya transista, weka shanti ya pili ya miliomu 10 mahali pake, ya aina moja na ya kwanza. Piga mipigo 10. Mita mbili zisome sawa, uwiano wao uwe 1 ndani ya uvumilivu ulioandikwa kwenye shanti zenyewe. Kisha badilisha mita nafasi, usome tena. Tofauti ikihama pamoja na mita, kosa ni la mita; ikibaki mahali pake, ni la shanti au nyaya.

Hesabu na idadi. Umetuma mipigo 10, una namba 10? Ukikuta 9, kuna kifaa kilichokuwa bado kinashughulika triga ilipobisha hodi. Ongeza muda kati ya mipigo. Usijaze pengo kwa kukisia, maana kuanzia hapo volti ya mpigo wa 7 itagawanywa kwa mkondo wa mpigo wa 8.

Hatua ya 9: Transista yenyewe

Weka mosfeti, acha oskiloskopu ikiwa wazi, piga mpigo mmoja. Tazama umbo kwanza, namba baadaye. Volti ya dreni iruke mwanzoni, itulie, ikae bapa kama sinia mpaka mkondo uzime. Ikicheza kama nyoka, ongeza rezista ya geti. Ikiwa inapanda taratibu bila kutulia, chipu inapata moto.

Halafu sogeza dirisha. Soma likiwa kwenye 100, 150, 200, 250. Namba zikibaki zilezile uko kwenye uwanda, kipimo chako kina miguu. Zikipanda mfululizo, fupisha mpigo na usome mapema. Zikiwa juu mwanzoni tu kisha zikatulia, ni nyaya, na tayari unajua pa kwenda.

Kwa kuwa chumba changu mwezi wa pili hufika nyuzi 31 au 32 na kiwanda kimezungumzia 25, natarajia miliomu iwe juu kidogo ya ile ningeipata kwenye chumba cha baridi. Naandika joto la chumba pembeni ya kila namba. Transista iliyotoka kupimwa naiacha itulie kabla ya kuirudia. Kuishika kwa vidole pia kunaipasha.

Kuhusu feki: haitakuja na miliomu 18. Chipu ndogo iliyovishwa ganda kubwa huachana na ahadi kwa mbali, na tofauti ya desimali isikufanye umwite mtu mwizi. Ukitafuta za kufunga sambamba kwenye kontrola, basi desimali hizo ndizo utakazopangia makundi.

Hatua ya 10: Daftari

Andika ucheleweshaji wa kila mita, dirisha, renji, upana wa mpigo, kikomo cha volti, joto la chumba, na namba ya kebo. Mimi huweka tepu yenye namba kwenye kila kebo ya triga, kwa sababu kijana akifagia meza huzirudisha kwa uzuri wake.

Zile 40 tulizitoa kwenye kopo la takataka, tukazifuta, tukazipima upya. Thelathini na nane zilikuwa chini ya 17.5. Mbili zilikuwa zimekufa, na sikumbuki kama zilikuja hivyo au ni mimi niliyezitupa kwa hasira.

“Ami, muuzaji je?” kijana akauliza.

Nikampa simu ampigie yeye.